Michael Jackson alikufa tarehe 25 ama 26? Nisaidieni na tarehe za kipindi changu

Daftari_Jinja

Wadau salama? Nina jambo linanisumbua tangu Jumapili nikaona nililete hapa maana humu kuna watu wamekula chumvi na muziki wanaujua.

Mi natangaza kipindi cha nyimbo za zamani kwenye redio ndogo ya huku kwetu Jinja, ni cha Kiswahili, Jumapili saa moja mpaka saa tatu usiku. Kila wiki naanza na "wiki kama hii", nani alizaliwa, nani alituacha, albamu gani ilitoka, halafu naweka wimbo wenyewe. Hiyo sehemu watu wanaipenda sana, kuna wazee wanapiga simu kila wiki kusema walikuwa wapi siku hiyo, na wengine wananitumia picha za santuri zao.

Sasa Michael Jackson. Daftari langu linasema 26/6/2009, Ijumaa, niliandika mwenyewe kwa mkono wangu usiku uleule. Nlikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta njia ya kwenda Iganga, redio iko pale kwenye dirisha la keshia, saa saba kasoro hivi mtangazaji akakata wimbo katikati akanyamaza, ule ukimya wa redio ambao unajua tu kuna kitu, halafu akasema Michael amefariki huko Los Angeles. Kulikuwa na dereva wa trela ya Mombasa ameshajaza dizeli na ameshalipa, akakaa kwenye kingazi cha gari lake hakuondoka mpaka karibu saa nane, hatukuongea chochote, tulisikiliza tu nyimbo zikipigwa moja baada ya nyingine. Niliandika tarehe nyuma ya kitabu cha risiti, asubuhi nikaihamishia kwenye daftari.

Basi Jumapili nikasema hewani tarehe 26. Msikilizaji mmoja akapiga, akaniambia mbele ya watu wote kwamba kama sijui hata siku aliyokufa Michael niache kutangaza. Nikaingia intaneti, kweli kila mahali wameandika 25. Iliniuma kwa sababu mi usiku ule nlikuwa macho.

Kwa hivyo naomba mnisaidie mambo mawili. Nifuate tarehe ya kule ama ya huku? Na la pili, nikipitia daftari naona nimejaza vifo vitupu, ajali ya ndege, risasi, madawa. Ni tarehe gani nyingine mtu wa redio hapa Uganda hafai kuzikosa?

---

MzeeWaSanturi

Kijana wangu pole, na usiache kutangaza. Nyote wawili mko sawa. Michael alithibitishwa kufariki saa nane na dakika 26 mchana, Alhamisi tarehe 25 Juni, saa za Los Angeles. Mwezi wa sita sisi tuko mbele yao saa kumi. Hesabu, unapata saa sita na dakika 26 usiku na kwetu imeshaingia Ijumaa tarehe 26. Wewe umesikia saa saba kasoro, yaani habari ilikufikia hapo Jinja ndani ya nusu saa hivi, hilo lenyewe ni la kusimulia hewani.

Utaratibu wa watu wa muziki ni kufuata saa za pale jambo lilipotokea, la sivyo kila nchi itakuwa na tarehe yake. Lakini mi ningekushauri useme zote mbili. Sema "tarehe 25 kwao, na sisi ilitukuta usiku wa kuamkia 26", maana msikilizaji wako hakuwa Los Angeles, alikuwa Bugembe amelala ama yuko njiani na mzigo.

Na si Michael tu. Whitney Houston alifariki Jumamosi alasiri tarehe 11 Februari 2012, kule Beverly Hills, ila sisi ilikuwa Jumapili karibu saa tisa za usiku, ndio maana wengi waliipata habari wakijiandaa kwenda kanisani.

Ninayoikumbuka mimi kuliko zote ni ya John Lennon wa Beatles. Alipigwa risasi mlangoni kwake New York tarehe 8 Desemba 1980, saa nne na dakika 50 usiku. Kwetu ilikuwa Jumanne asubuhi tarehe 9, saa kumi na mbili na dakika 50. Sasa wewe ni kijana labda hujui, kesho yake Jumatano tarehe 10 Uganda ilikuwa inapiga kura, ule uchaguzi wa kwanza baada ya Amin, na ukaendelea mpaka tarehe 11. Mi nlikuwa mwalimu mdogo wa shule ya msingi, nimesikia habari BBC, nikatembea mpaka shuleni nikiwa nimejaa maneno, nikafika ofisi ya walimu nikasema John Lennon ameuawa. Mwalimu mmoja akaniuliza, huyo anagombea jimbo gani? Hakuwa anatania, siku hizo jina lolote ulilolisikia lilikuwa la siasa. Nikakaa kwenye kiti changu nikasahihisha madaftari. Jioni nilifunga mlango nikaweka santuri moja ya Beatles niliyokuwa nayo, nikaipiga sauti ya chini kwa sababu mtaani watu walikuwa na wasiwasi wao na mi nisingeweza kuwaelezea kwa nini nalia mtu wa Liverpool.

Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia mtangazaji hapa akisema hizo siku mbili pamoja. Ukiweza mwaka huu sema.

---

Mama_Kaseti_Tororo

Mzee umenigusa na hiyo santuri ya sauti ya chini.

Daftari mwanangu, hilo swali lako la pili ndilo mi nataka kulijibu, maana niliuza kaseti hapa Tororo miaka kumi na minane na kitu nilichojifunza ni kwamba watu wananunua kumbukumbu. Mtu anakuja hajui jina la wimbo, hajui mwimbaji, anakuambia tu "ule uliopigwa kwenye harusi ya dada yangu mwaka ule mahindi yalikufa". Kwa hiyo ukitaka tarehe ishike tafuta inapogusana na maisha yetu.

Anza na Oktoba 1962. Santuri ya kwanza kabisa ya Beatles chini ya jina lao, "Love Me Do", iliingia madukani Uingereza Ijumaa tarehe 5 Oktoba. Siku nne baadaye, Jumanne tarehe 9, bendera yetu ikapanda Kololo. Na hiyo tarehe 9 Lennon alikuwa anatimiza miaka 22, alizaliwa 9 Oktoba 1940! Yaani wiki ile Uganda inapata uhuru ndiyo wiki ile vijana wanne wanaanza safari. Hapo hakuna aliyekufa. Weka wimbo wao, halafu weka bendi zetu, kipindi kimejaa.

Halafu kuna hii nataka uisome polepole. Freddie Mercury wa Queen, mnajua alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, familia iliondoka baada ya mapinduzi ya 1964. Yeye alifariki London 24 Novemba 1991 kwa ukimwi. Alitangaza kwamba anao tarehe 23 Novemba, siku moja kabla. Siku moja tu. Na simlaumu, wakati ule magazeti yalikuwa yanamwinda mpaka mlangoni.

Sasa rudi nyuma miaka miwili. Philly Lutaaya wetu, aliyepitia Cranes Band, akahamia Sweden, akawa mwanamuziki mkubwa, 1989 akasimama mbele ya Uganda nzima akasema nina ukimwi. Hakuna staa hapa kwetu aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Watu wengine walikataa, walisema ni mbinu ya kuuza kanda, mi nlikuwa msichana na niliyasikia hayo kwa masikio yangu pale kwenye mstari wa maji. Alizunguka mashuleni na makanisani amekonda, anaongea na vijana, anaimba, akatoa na ule wimbo wa "Alone and Frightened", mpaka akafariki 15 Desemba 1989, akiwa na miaka 38. Aliwahi kusema kile ambacho dunia ya muziki huko ilikuwa bado inakificha.

Nlikuwa na mjomba. Alikuwa amelala chumba cha nyuma miezi, nyumba nzima tunasema ni malaria, ni kurogwa. Siku tuliposikia Philly kwenye redio akiongea mwenyewe, mjomba akamwita mama akamwambia, mimi pia ni hiyo. Ni hivyo tu alisema. Kuanzia siku hiyo tulimpelekea chakula tukakaa naye tukala wote, kabla ya hapo sahani ilikuwa inaachwa mlangoni.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Una tarehe 24 Novemba ya Freddie, una tarehe 1 Desemba siku ya ukimwi duniani, una tarehe 15 Desemba ya Philly. Ni wiki tatu zimepangana zenyewe. Zifanye kitu kimoja, usizitenganishe.

---

Turniboi_Malaba

mi sina mengi ila naona kila mtu amesahau Jim Reeves!! 31 Julai 1964, alikuwa anaendesha ndege yake ndogo mwenyewe yeye na mpiga piano wake Dean Manuel, wakaingia kwenye mvua kubwa karibu na Nashville wakaanguka, wakatafutwa siku mbili ndio wakapatikana 2 Agosti, na kama hesabu ya mzee hapo juu ni sawa basi kwetu ilikuwa imeshapita saa sita usiku imeingia tarehe 1. alikuwa bado hajatimiza miaka 41, bethidei yake ilikuwa 20 Agosti

babu yangu alikuwa na redio ya betri nne na Jumapili asubuhi Jim Reeves alikuwa ni kama sehemu ya ibada, hakuna kuongea hakuna kukohoa, na babu hakujua kiingereza hata kidogo alikuwa anasema tu sauti ya huyu mzungu imelala kama ng'ombe aliyeshiba. mpaka leo nikiwa kwenye foleni ya malori hapa mpakani usiku usingizi ukikataa naweka Jim Reeves kwenye simu na madereva wa pembeni wananiambia ongeza ongeza

miaka miwili baada ya kufa, 1966, wimbo wake Distant Drums ukawa namba moja Uingereza. mtu ameshazikwa na bado anaongoza chati. usimsahau huyo tafadhali, ukimweka wazee wote wa Busia mpaka Iganga watakupigia

---

Kabale_Gitaa

Ndugu mtangazaji, mi ni mtu wa roki, gitaa la umeme, na najua utafika kwa Kurt Cobain wa Nirvana. Alikufa 5 Aprili 1994 Seattle, akakutwa tarehe 8 na fundi umeme aliyekuja kazini pale nyumbani. Alikuwa na miaka 27, na watu watakuandikia wanamuziki wale wote waliokufa na miaka 27, Brian Jones, Jimi Hendrix, Janis Joplin, Jim Morrison, Amy Winehouse. Sawa, waseme.

Ila nakuomba uangalie hiyo wiki ni wiki gani huku kwetu. Tarehe 7 Aprili ndugu zetu Rwanda wanaanza maombolezo yao kila mwaka, na mauaji yenyewe yalianza siku hiyohiyo ya 1994, wakati Kurt amelala pale bado hajapatikana. Huku Kabale tulipokea watu. Na kule ziwani, Kasensero, Ggolo, Lambu, miili iliyoletwa na mto Kagera imezikwa kwetu. Nlikuwa na miaka kumi na tano, habari ya Kurt niliipata miezi kadhaa baadaye kutoka kwa gazeti la zamani lililofungia sabuni, na sikuwa na nafasi ndani ya moyo ya kumlilia mwingine. Nampenda sana, kucheza gitaa nimejifunzia kwake. Lakini mi ningemweka Februari, tarehe 20, siku aliyozaliwa mwaka 1967. Aprili waachie wenyewe.

---

Mukwano256

Samahanini wakubwa lakini naona mnazunguka dunia nzima wakati nyumbani kuna tarehe kibao. Kwani Elvis anatuhusu nini sisi? Afrigo Band ilianza 1975, imefikisha miaka 50 mwaka 2025 na bado wanapiga live, nioneshe bendi ngapi duniani zimefanya hivyo. Mwimbaji wetu Mowzey Radio alituacha 1 Februari 2018 na Kampala ilisimama, boda zote zilikuwa zinapiga nyimbo za kundi lake la Goodlyfe. Anza na hao. Wazungu wana redio zao za kuwakumbuka.

---

MzeeWaSanturi

Mukwano hoja yako ni nzito na nakubaliana nayo kwa Afrigo asilimia mia, miaka 50 kijana akae aitengenezee kipindi kizima peke yake. Lakini usimtoe Elvis. Wanamuziki wetu waliokuwa wanapiga Kampala miaka ya sitini na sabini walikuwa wanasikiliza kila kitu, rumba ya Kongo, soul ya Marekani, roki ya Uingereza, wakachanganya na zao. Ukikata hiyo kamba hutaelewa wale kina Philly walitoka wapi. Elvis basi mpe dakika tano tu tarehe 8 Januari, alizaliwa siku hiyo 1935, na David Bowie akazaliwa siku hiyohiyo 1947, nyimbo mbili umemaliza.

Na kwa vile kipindi ni cha Kiswahili kuna tarehe moja ya kule Marekani ambayo ni yetu kabisa, 28 Januari 1985. Usiku ule walikusanyika Hollywood mastaa zaidi ya arobaini kurekodi "We Are the World" kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, mtayarishaji Quincy Jones amebandika karatasi mlangoni kwamba kila mtu aache majivuno nje. Katikati ya kazi Stevie Wonder akapendekeza waweke maneno ya Kiswahili. Wakabishana hapo studio, Waylon Jennings akaondoka zake, na ikasemwa kwamba Waethiopia hawaongei Kiswahili, basi kikaachwa. Kilichonifurahisha ni kwamba Stevie alipotafuta lugha ya Afrika mdomoni kilimjia hiki chetu. Na Michael aliyekuwepo pale, miaka miwili baadaye akatoa albamu ya Bad, tarehe 31 Agosti 1987, ndani yake "Liberian Girl" inaanza na maneno ya Kiswahili yaliyosemwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Hiyo ni tarehe ya kumkumbuka Michael bila jeneza.

---

Mama_Kaseti_Tororo

Mzee hiyo ya karatasi mlangoni nimeipenda.

Daftari, ongeza na Desemba kidogo kwa sababu ndio mwezi nlikuwa nauza kuliko miezi yote. Krismasi wateja walitaka tatu tu, Boney M, Philly na Wham. Bobby Farrell, yule mchezaji wa Boney M, alifariki 30 Desemba 2010 akiwa Saint Petersburg, mji uleule na tarehe ileile ambayo Rasputin waliyemwimba aliuawa mwaka 1916. George Michael wa Wham alifariki 25 Desemba 2016, sikukuu yenyewe, na "Last Christmas" yake ya 1984 ilikwama namba mbili kule kwao Uingereza kwa sababu namba moja ilikuwa "Do They Know It's Christmas", wimbo wa Waingereza wa msaada wa Ethiopia ambao yeye mwenyewe ameimba ndani yake. Ilifika namba moja Januari 2021, miaka 36 baadaye, mwenyewe hayupo. James Brown pia ni tarehe 25 Desemba, 2006.

Na Philly alikufa siku kumi kabla ya Krismasi na kila Krismasi tangu hapo Uganda inaamka na "Sekukkulu" yake. Hakuna duka, hakuna basi la kwenda kijijini utapanda usiisikie. Watoto waliozaliwa juzi wanaiimba.

---

Daftari_Jinja

Jamani asanteni, nimekaa hapa na kalamu nimejaza kurasa sita.

Nimeamua hivi. Tarehe nitafuata ya pale jambo lilipotokea kama mzee alivyosema, ila nitasema na saa yetu, na tuliipokeaje huku. Yule aliyenipigia simu nitamtaja kwa heshima Jumapili kwamba alikuwa sahihi, na nitasoma na ukurasa wangu wa 26 vilevile ulivyoandikwa. Kurt nimemhamishia Februari, ndugu wa Kabale asante sana, hilo nisingelifikiria peke yangu. Afrigo wanapata kipindi kizima. Jim Reeves yuko Agosti, turniboi usilale siku hiyo. Lennon na kura nitaiweka, na mzee kama utakubali nikupigie simu uisimulie kwa sauti yako.

Na zile wiki tatu, Mama, nimeziandika kwa wino mwekundu. Nitaanza na Freddie, nipite tarehe 1, nimalizie na Philly. Shida yangu ni kwamba nyimbo za Philly nilizonazo nimezitoa intaneti na sauti yake imebanwa sana, kwenye spika za redio inasikika kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Kuna mtu ana kaseti ama santuri yenyewe nikairekodi upya?

---

Mama_Kaseti_Tororo

Ninayo kaseti. Nilipofunga duka nilibakiza kama ishirini na hiyo imo. Upande wa pili mwanzoni utepe ulikatika nikauunga kwa kucha na selotepu, kwa hiyo utasikia kinaruka kidogo kwenye wimbo wa kwanza, baada ya hapo iko safi. Usiipeleke mbele kwa kasi, izungushe na kalamu. Ijumaa nakuja Jinja kumwona binti yangu, nikutafute wapi?

---

Daftari_Jinja

Nitakuwa stendi ya magari ya Tororo kuanzia saa nne asubuhi Mama, nimevaa kofia nyekundu. Kalamu ninayo.